Imekwama Asilimia Ngapi?

Kompyuta mpya ikikataa Windows mara ya tatu, ploti nzima huwa na jibu. Jirani wa juu atasema flashi imekufa. Kijana wa saiba atasema ulipigwa mjini, hiyo si mpya, ni mtumba uliong'arishwa. Hakosekani pia yule anayemshauri kila mtu ahamie Linux, hata aliyekuja kuuliza bei ya chaja. Wote huenda waliwahi kusema kweli, siku nyingine, juu ya mashine nyingine. Fundi ninayetaka kumsifu ni yule anayewasikiliza wote, akaitikia kwa adabu, kisha akamgeukia mwenye mashine: "Ilikwama asilimia ngapi?"

Yuko Umoja Innercore, ghorofa ya chini, dirisha la grili linalotazama njia ya kwenda Mutindwa. Kijana mmoja wa Kayole alimpelekea kompyuta ya mezani aliyoiunganisha mwenyewe kwa vipuri vya kununua mjini, ahariri video za harusi.

"Madam, hii ni mpya kabisa. Haiwezi kuwa na shida."

"Mpya ndiyo siijui," akamjibu. "Ya zamani ishaonyesha tabia yake."

Wahandisi wangemuunga mkono. Vifaa vya elektroniki hufa zaidi vikiwa vichanga au vikishazeeka. Kati ya hapo huwa na miaka ya utulivu. Lakini yeye hakuwa na haja ya kuungwa mkono. Alichukua daftari la shule la kurasa 48, akaandika tarehe, akaanza upya kazi ambayo kijana aliapa ameifanya mpaka akachoka.

Asilimia ile haiulizwi kwa udadisi. Mashine inayokwama palepale kila mara, aghalabu inajikwaa kwenye kile inachosomewa: nakala ya Windows iliyopakuliwa kwa bando likakatika njiani, au flashi bandia inayojigamba ina GB 64 na kumbe inabeba nane tu. Lakini ikianguka kwenye 17, kisha 64, kisha 31, na kila safari ikatoa namba nyingine ya kosa, nakala haina hatia. Kuna kitu kinatetemeka chini kabisa: umeme, joto, au RAM. Kosa linalohama ni gumu kulikamata, ila kuhama kwenyewe ni ushahidi.

Hata hivyo hakuiachilia nakala kwa kukisia. Alitoa alama yake ya SHA-256, herufi na tarakimu 64, akazisoma kwa sauti nne nne huku kijana akifuatisha kwenye simu. Kompyuta ingelinganisha yenyewe kwa nukta moja, lakini anapenda mteja ashuhudie. Zikalingana. Akamtuma pia aangalie mita, maana tokeni zikiisha katikati ya kazi, mashine ya mezani isiyo na betri huzimika, na mkaanza kutafuta ugonjwa ambao ni bili tu.

Skrini ikaandika 0x80070570: faili imeharibika au haipo. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuamini kwamba kompyuta inajua kinachoiumiza. Ujumbe wa kosa husema mtu alipoangukia, hausemi aliyemsukuma. Kisakinishi kinafumua GB kadhaa zilizokunjwa, na zote zinapita kwenye RAM. Biti moja ikigeuka kutoka sifuri kuwa moja, faili nzima hukataliwa, na lawama huangukia faili.

Ufundi wenyewe ulikuwa hapo, na kwa anayeutazama unachosha. Alibadilisha flashi, akarudia yote. Akarudisha flashi ya kwanza, akabadilisha diski ya SSD, akarudia yote. Kijana akauliza kwa nini asibadilishe vyote kwa mpigo. Kwa sababu ikikubali hutajua ni kipi kilichoiponya. Ni kama keateka anayetafuta bomba linalovuja kwenye ploti: hufunga koki moja, akaenda kuitazama mita ya maji, ndipo akarudi kufunga ya pili.

Zamu ya tatu aliingia bayosi. Kijana alikuwa ameipandisha RAM hadi 3600, kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Akaishusha hadi 2133, asiguse kingine. Windows ikaingia, ikawaka, ikauliza jina la mtumiaji.

Mafundi wengi wangepokea pesa wakati huo. Huyu alizima mashine. Kijana alilipia 3600, na RAM inayotulia ikiwa imepunguzwa mwendo tu bado ina neno. Akachomoa kipande kimoja, akarudisha kasi, akawasha Memtest86, programu isiyohitaji Windows wala Linux ndipo ifanye kazi, akaiacha ijaze na kusoma kumbukumbu yote, raundi baada ya raundi. Kipande cha kwanza kilipita. Cha pili kikatoa mistari myekundu. Akakihamishia kwenye sloti ya mwenzake, kwa kuwa mbovu ingeweza kuwa sloti. Mistari ikakifuata. Sasa alikuwa na kitu cha kumpelekea muuzaji: kipande, kasi, picha ya skrini.

Nimeona kinyume cha haya mara nyingi. Laptopu mpya za Intel, kuanzia kizazi cha 11, zinaweza kukifanya kisakinishi kidai hakuna diski yoyote, kwa sababu tu mpangilio uitwao VMD umewashwa na draiva yake haimo kwenye flashi. Dawa ni kuongeza draiva. Badala yake mteja huambiwa SSD imeungua, anauziwa nyingine, na ile nzima, kama haikuuzwa upya kichinichini, huanza safari ya kwenda Dandora, jaa lililofunguliwa mwaka wa 1975 na kutangazwa limejaa mwaka wa 2001 na ambalo bado linapokea. Kipuri kilichohukumiwa bila ushahidi kina bei mara mbili, na ya pili hailipwi na aliyehukumu.

Shida ya kazi hii ni malipo. Kuweka Windows kuna bei inayojulikana Eastlands nzima, na kubadilisha kioo vilevile. Kutafuta hakuna bei. Kijana alipotajiwa hesabu alishangaa kweli.

"Lakini madam, si hujaweka kitu chochote?"

"Sijaweka. Ungetaka nikuuzie nini?"

Akampigia kakake, wakazungumza kando ya mlango, akarudi akiomba apunguziwe. Akapunguziwa mia mbili, akalipa kwa M-Pesa, na ukurasa wa daftari akapewa bure aende nao kwa muuzaji.