CG125 ya 1976 na spea za bodaboda

Pangusa grisi kwenye injini ya bodaboda ya Kichina, chini ya silinda, upande wa kushoto. Mara nyingi utakuta imegongwa 156FMI au 162FMJ. Moja ya mwanzo inasema injini ina silinda moja. Tarakimu mbili zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita. F ni injini inayopozwa na upepo, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho inataja ukubwa: I ni cc 125, J ni cc 150. Anayefufua Honda CG125 kuukuu nyumbani kwake akishajua kuisoma namba hiyo, nusu ya shida ya spea imekwisha. Nusu iliyobaki inataka vernia.

CG125 ilitoka mwaka 1976. Kabla yake Honda walikuwa na CB125, yenye kamshafti juu kwenye kichwa cha injini, inayozungushwa na cheni. Ni injini nzuri kwa mtu anayebadilisha oili kwa wakati. Lakini katika nchi nyingi walikoiuza, oili ilibadilishwa ikikumbukwa, chujio la hewa halikuguswa, na mzigo ulikuwa watu watatu na gunia juu. Kwa matumizi hayo cheni ya kamshafti haidumu. Wahandisi wakaishusha kamshafti ndani ya krankesi, wakaizungusha kwa gia iliyoshikana moja kwa moja na gia ya krankshafti, kisha wakapandisha fimbo mbili hadi juu kusukuma roka. Kamshafti yenyewe ina nundu moja tu inayoinua valvu zote mbili kwa zamu. Kwangu mimi hapo ndipo penye akili yote ya injini hii.

Muundo huo ndio walioufuata watengenezaji wa Kichina. 156FMI ina silinda ya milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, vipimo vilevile vya CG. 162FMJ imepanuliwa silinda hadi 62, mwendo ukabaki 49.5. (Wanaokimbilia duka la spea za Boxer wanapoteza nauli. Ile ina kamshafti ya juu, ni ukoo mwingine.)

Pikipiki ninayoichambua ni ya mwalimu mstaafu wa Tanga. Ilikaa stoo miaka mingi, na hewa ya bahari ikafanya kazi yake: kiki imeganda, tanki lina kutu ndani, petroli ya zamani imegeuka ulimbo kwenye kabureta. Wengi wangeipandia kiki kwa miguu miwili. Pistoni iliyoganda haisalimu amri kwa kiki, kinachovunjika ni meno ya gia ya kiki. Mwalimu alitoa plagi, akamimina oili iliyochanganywa na dizeli kidogo kupitia tundu lake, akaiacha ilowe siku kadhaa. Kisha akaingiza gia ya juu kabisa na kuisukuma pikipiki mbele na nyuma, polepole. Kwa gia hiyo gurudumu linaizungusha injini kwa wepesi kuliko gia ya kwanza, na mikono inahisi kila kinachokwama. Ikaachia bila kishindo.

Hakuifungua injini hapo, nami namuunga mkono. Injini iliyofunguliwa kabla haijasikika inaficha habari nyingi. Alisafisha platini kwa msasa laini, akazipangusa kwa karatasi iliyochovywa petroli ili kusibaki ute, akaweka nafasi kati ya milimita 0.3 na 0.4. Cheche ikatoka ya rangi ya chungwa, dhaifu, huku cheche nyingine zikiruka kwenye platini zenyewe. Hiyo ni dalili ya kondensa iliyokufa. Mpya ikafungwa, cheche ikawa ya buluu. Tanki lililowekwa siki usiku kucha lilisuuzwa kwa maji ya magadi kuua asidi, likakaushwa juani na kumwagiwa oili kidogo upesi, maana chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu kabla hujamaliza chai.

Injini ikawaka. Ikatoa moshi wa buluu usiokoma hata baada ya kupata moto, na oili ya mle ndani ilikuwa safi na kwa kipimo. Sasa ndiyo sababu ya kufungua.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa skrubu. Skrubu za msalaba za Kijapani hazina umbo sawa na bisibisi yetu ya kawaida ya nyota. Ukikaza mkono, bisibisi inapanda na kula kichwa. Bisibisi ya umbo la Kijapani ipo, na asiye nayo husaga ncha ya ile ya kawaida kidogo ili izame hadi chini, kisha huigonga kwa nyundo kabla ya kuzungusha. Nyuma ya kava la kulia, kwenye ncha ya krankshafti, kuna kikombe kinachochuja oili kwa kuizungusha, uchafu ukitupwa ukutani. Kilikuwa kimejaa tope jeusi, gumu kama nta, lililotolewa kwa kijiti. CG haina chujio la karatasi. Fundi asiyefungua kava hili anabadilisha oili na kuiacha takataka ya miaka yote mahali pake.

Silinda ilipimwa juu, katikati na chini. Juu, pale ringi zinapogeukia, ilikuwa imelika kupita milimita 0.10, kwa hiyo ringi mpya peke yake zingekuwa kupoteza pesa. Hapa ndipo spea za bodaboda zilipoingia: pistoni ya 156FMI, saizi iliyoongezwa milimita 0.50. Inaitwa ileile, lakini kabla ya kulipa mwalimu alipima pini, akapima urefu kutoka pini hadi juu ya pistoni, akalinganisha na ya zamani mkononi. Zipo zinazotofautiana urefu huo, na tofauti ndogo tu inabadilisha mgandamizo au kuileta pistoni karibu na valvu. Pistoni hununuliwa kwanza, ndipo silinda inapelekwa kwa fundi wa mashine aichimbe kulingana na pistoni hiyo. Silinda iliporudi, aliiingiza kila ringi peke yake, akaisukuma kwa pistoni ikae sawasawa, akapima pengo la ncha zake. Alitaka kati ya 0.15 na 0.35. Moja ilibana mno, akaigusa kwa tupa ndogo.

Valvu mpya za Kichina alizikubali baada ya kuzisaga kwenye viti vyake na kumimina mafuta ya taa kwenye tundu la hewa kuona kama yanapenya. Gia ya kamshafti na ya krankshafti zilirudishwa nukta ikiitazama nukta. Nafasi za valvu akaziweka milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Hapo kazi ngumu ikaisha.

Kabureta alikataa kuibadilisha. Mpya ya Kichina ni rahisi na ingefunga bila taabu, ila jeti zake hupangwa kwa injini ambayo si lazima iwe yako, na ile ya asili haikuwa na ugonjwa zaidi ya ulimbo. Aliziloweka jeti, akazipuliza kwa hewa bila kuzichokonoa kwa waya, akabadilisha sindano ya boya na gasketi. Rimu za chuma nazo zilibaki, zikawekewa spoki mpya. Rangi naipita haraka: ni nyekundu, na inang'aa kuliko Honda walivyowahi kuipaka.

Umeme ndipo tunapotofautiana. Pikipiki ni ya volti 6, na taa ya mbele inamulika kwa shida injini ikizunguka polepole. Ningeweka mfumo wa volti 12. Yeye anasema waya zote ni za kiwandani, na baada ya magharibi huwa hapandi pikipiki.