Shilingi Kumi Zilivyofika Turkana

Julai 27, 2011, wiki moja baada ya Umoja wa Mataifa kutangaza baa la njaa kusini mwa Somalia, kampeni ya Kenyans for Kenya ilizinduliwa kwa ajili ya Wakenya waliokumbwa na ukame, hasa Turkana na maeneo mengine ya kaskazini. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 katika wiki nne. Wiki mbili hazikwisha, fedha zikawa zimepatikana, na lengo likapandishwa hadi bilioni moja.

Ukarimu wa Wakenya ulimiminiwa sifa nyingi. Ukarimu ulikuwapo, lakini ni harambee ngapi zimejaa watu wakarimu zikaishia kwenye ahadi? Kilichoamua mambo hapa ni mpangilio.

Kiwango cha chini cha mchango kilikuwa shilingi 10. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, kiasi hicho kisingekuwa na maana: nauli ya kukipeleka benki ingekizidi. Kufikia 2011 pesa za simu zilikuwa zimeshazoeleka mijini na vijijini, kwa hiyo mtu alisikia habari redioni na kuchanga papo hapo, kabla huruma haijapoa. Wachangishaji wengi hupuuza muda huo mfupi kati ya kuguswa na kutoa, ilhali fedha nyingi hupotelea hapo.

Halafu kazi iligawanywa. Wakfu wa Safaricom ulikuwa na njia ya kupokelea michango, KCB walikuwa na benki, wamiliki wa vyombo vya habari walikuwa na kurasa na muda wa hewani, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ulikuwa na watu na magari huko kwenyewe. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho tayari. Serikali haikushika kapu, na nadhani hilo lilisaidia: kashfa ya mahindi na ile ya fedha za elimu ya msingi bila malipo zilikuwa bado mbichi vichwani mwa watu.

Linganisha na maandiko mengi ya miradi yanayopelekwa kwa wafadhili. Kurasa nne za mwanzo ni historia ya shirika. Kiasi kinachoombwa kimefichwa kwenye kiambatisho. Lengo ni "kuinua hali ya maisha ya jamii". Msomaji humaliza akiwa hajui anaombwa nini, kufikia lini, na nani atazishika fedha. Kampeni ya 2011 iliyajibu hayo yote kwa sentensi moja.

Faida nyingine haikusemwa sana. Ruzuku ya mfadhili huja na vifungu vya bajeti, na ukitaka kuhamisha fedha za unga zikanunue pampu, mara nyingi utaandika barua na kungoja kibali. Michango ya wananchi haikufungwa hivyo. Msalaba Mwekundu uliweza kuanza na chakula, kisha ukaelekeza sehemu ya fedha kwenye visima, umwagiliaji na vibanda vya kuoteshea mboga shuleni.

Doa lipo, tena si dogo. Wataalamu wa tahadhari ya njaa walionya tangu Agosti 2010 kwamba mvua zingekuwa haba. Mwishoni mwa Mei 2011 serikali ikatangaza ukame kuwa janga la taifa. Umma ulifungua mikoba Julai, picha za watoto waliokonda zilipojaa kwenye televisheni, wakati mifugo mingi ilikuwa imeshakufa. Mbinu zile zilifaulu kwa sababu njaa ilionekana. Wakati ule hazikujaribiwa kwa njaa iliyotabiriwa tu.

Nyinyi wa mashirika ya kaskazini, jaribuni. Utabiri wa mvua za vuli hutolewa kabla ya Oktoba. Siku utabiri huo unapotoka, muwe na kiasi mnachoomba, tarehe ya mwisho, na jina la atakayeshika fedha.