Sifa za Fundi wa Uzi

Kushusha gari hakuhitaji ustadi mkubwa. Mwenye msumeno wa chuma na mchana mmoja wa nafasi atakata mizunguko miwili ya springi, atairudisha mahali pake, na gari litalala chini kama mwenyewe alivyotaka. Kuliinua nako ni hivyo hivyo: kipande cha chuma juu ya amortisa, boliti ndefu zaidi, basi. Kazi ninayotaka kuisifu inaanza baada ya hapo, magurudumu yakiwa yameshahama na mtu mmoja akitakiwa kuyarudisha kwenye mstari. Hapa Bunia mtu huyo ni fundi wa uzi, na katika garaji sina ninayemheshimu kumzidi.

Wengi wetu huinua. Magari ya Bunia mengi ni Toyota zilizotumika Japani, zikateremshwa Mombasa, zikavuka Uganda, zikaingia Ituri na usukani wao upande wa kulia katika nchi ambayo magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara. Zilitengenezwa kwa ajili ya lami. Anayekwenda Mongbwalu wakati wa mvua anataka tumbo la gari lipite juu ya matope, na ana haki. Kijana wa mjini, ambaye simu yake imejaa picha za magari ya Nairobi na Los Angeles, anataka kinyume chake. Huko California sheria ya mwaka 1958 ilikataza sehemu yoyote ya gari kushuka chini ya ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata Ron Aguirre wa San Bernardino akafunga haidroliki kwenye Corvette yake, ili aishushe na kuiinua apendavyo. Ilikuwa akili kubwa. Lakini kimo kikibadilika, kwa sheria au bila sheria, pembe za magurudumu hubadilika nacho.

Sababu yenyewe iko chini ya gari. Toyota nyingi ndogo zina amortisa iliyosimama katikati ya springi, mtindo wa Earle MacPherson ambao Ford iliuonyesha London mwaka 1950 kwenye Consul na Zephyr. Chini kuna mkono unaoshika gurudumu, na karibu yake fimbo ya usukani. Gurudumu linapopanda na kushuka, ncha ya mkono huchora tao lake na ncha ya fimbo huchora la kwake. Kiwandani matao hayo yalipatanishwa kwa kimo fulani. Ukishusha gari unayaondoa kwenye mapatano: gurudumu linainamisha kichwa ndani, na fimbo inalisukuma au kulivuta, hata magurudumu ya mbele yakaanza kutazamana au kupeana mgongo. Ukishusha kupita kiasi, mkono unavuka usawa wa ardhi na ncha yake kutazama juu. Kuanzia hapo kila tuta linavuta mguu wa gurudumu kuelekea ndani, na dereva anausikia usukani ukimcheza mikononi. Springi iliyokatwa nayo huwa ngumu kuliko ilipokuwa nzima, kwa kuwa mizunguko iliyobaki kubeba ni michache.

Fundi mzuri hamkatalii kijana ombi lake. Kabla ya kugusa spana humuuliza swali moja: "Unabebaga nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nimpende. Gari la abiria lililoshindiliwa watu na magunia limekwisha kushushwa, hata kama hakuna aliyegusa springi. Ukilinyoosha likiwa tupu, umelinyooshea safari ambayo halitaifanya kamwe. Kwa magari yake mengi BMW imeagiza uzito uwekwe kwenye viti kabla gari halijapimwa. Fundi wa Bunia huwaita vijana wa garaji waketi mbele, wawili pembeni mwa dereva kama itakavyokuwa njiani, magunia nyuma, na gari lisukumwe mbele na nyuma hatua chache ili springi zikae sawa. Wakubwa wa kiwanda na yeye wamefika mahali pamoja bila kuonana.

Halafu anaanza. Anachagua ardhi iliyo sawa, na kama ana shaka analeta mpira wa maji wa waashi. Upepo wa matairi yote unapimwa. Anatikisa kila kiungo cha usukani na kila bushi, maana kinachocheza hakipimiki, na kilicholegea kinabadilishwa kwanza. Usukani unafungwa usigeuke. Nyuzi mbili za nailoni zinavutwa kandokando ya gari, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu. Kutoka uzi hadi kitovu, mbele kulia lazima kulingane na mbele kushoto, nyuma kulia na nyuma kushoto. Mbele na nyuma havilazimiki kulingana, kwa sababu upana wa ekseli hutofautiana, na ni hapo wenye haraka wanapolipotosha gari zima.

Kabla ya mengine anashughulikia mwinamo. Timazi inaning'inizwa mbele ya rimu, na rula inasoma juu na chini. Kwenye rimu ya inchi 14, digrii moja ni zaidi kidogo ya milimita 6. Anaurekebisha kwenye boliti mbili zinazoshika amortisa, kadiri zinavyoruhusu. Ndipo inafika zamu ya paralelismu, yaani kule kutazamana au kupeana mgongo kwa magurudumu: rula kwenye ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma, kutoka uzi ule ule. Akiandika namba, anazungusha gurudumu nusu duara na kupima tena, kwa sababu rimu za barabara zetu zimepinda na zinadanganya. Nati inalegezwa, fimbo ya kushoto inazungushwa robo, ya kulia robo, ili usukani ubaki katikati. Anapima. Robo nyingine. Hazungumzi na mtu wakati huo, na anayemjua hamsemeshi.

Umakini huo una hesabu yake. Gurudumu lenye kosa la milimita 1 tu kwenye rimu hiyo huburuzwa upande karibu mita 3 katika kila kilomita. Kutoka hapa hadi Mahagi, takriban kilomita 180, tairi limekwisha kukwanguliwa kiasi cha nusu kilomita. Pitisha kiganja juu ya tairi la namna hiyo: upande mmoja laini, ukirudisha mkono unakutana na makali. Tairi jipya limeliwa na milimita moja. Na hapa Ituri, iliyowekwa chini ya hali ya kuzingirwa tarehe 6 Mei 2021, gari linalopasukiwa tairi katikati ya njia linawasimamisha abiria mahali ambapo hakuna anayetaka kusimama. Kwa hiyo simwoni fundi huyu kama mtu wa mapambo. Analinda watu asiowajua.

Mashine ya kamera hupima haraka, na garaji inayoweza kuinunua na iinunue. Lakini mashine itasoma kwa uaminifu gari tupu, lenye rimu iliyopinda na kiungo kilicholegea, na itatoa karatasi safi. Uzi haukupi karatasi. Unategemea kabisa mtu anayeushika, na ndiyo maana malipo yake yasiwe ya kubishaniwa baada ya kazi.

Papa, mama, kijana mwenye gari: shusha ukitaka, inua ukitaka. Weka pembeni fedha za uzi kabla hujanunua springi, mwambie fundi ukweli kuhusu mzigo unaobeba, na usilitoe gari garajini kabla hajapima mara ya mwisho.