Kupanga Hija ya Shikoku kwa Ramani ya Mtandaoni

Hija ya mahekalu 88 ya Kibuddha katika kisiwa cha Shikoku, Japani, inayohusishwa na mtawa Kukai (774–835), ni mzunguko wa kilomita 1,200 hivi, na anayeipanga kwa ramani ya mtandaoni huanza na kazi nyepesi: huweka alama kwa kila hekalu, kuanzia Ryozenji, ambalo ni la kwanza, hadi Okuboji, la mwisho, kisha huiachia programu iziunganishe. Mstari unaopatikana hupendeza macho lakini haujawa mpango, kwa kuwa umepima umbali peke yake, ilhali siku ya hujaji huamuliwa zaidi na miinuko ya ardhi na saa za kazi za mahekalu.

Kutoka Fujiidera, hekalu la 11, hadi Shosanji, la 12, ni kilomita 13 hivi, umbali ambao mtu aendaye kilomita nne au tano kwa saa angeumaliza kwa takriban saa tatu kwenye tambarare. Lakini njia hii hupanda mlima, hushuka bondeni, kisha hupanda tena hadi kimo cha mita 700 hivi, na wengi huitembea kwa saa tano hadi nane. Ndiyo maana inafaa kufungua pia ramani ya mamlaka ya upimaji ardhi ya Japani, inayopatikana bure mtandaoni, ambayo huchora kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja: mistari inaposongamana, mteremko ni mkali.

Saa nazo zina sheria yake. Katika kila hekalu hujaji hupewa nokyo, yaani mihuri na maandishi ya wino katika daftari lake, na tangu Aprili 2024 ofisi zinazotoa huduma hiyo hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo hesabu iliyo sahihi huanzia saa ya kufunga na kurudi nyuma. Kati ya Yakuoji, la 23, na Hotsumisakiji, la 24, ambako ni kilomita 75 hivi, umbali usiotembeka kwa siku moja, kinachotafutwa kwanza ramanini ni nyumba za wageni.

Sehemu inayostahili uangalifu mkubwa kuliko zote ni mji wa Kanonji, ambako alama za hekalu la 68, Jinnein, na la 69, Kannonji, hukaribia kupandana, kwa sababu mahekalu yote mawili yamo ndani ya ua mmoja. Jinnein lilikuwa limeshikamana na Kotohiki Hachiman, jinja (mahali pa ibada ya Kishinto) iliyo juu ya kilima kilicho jirani, hadi serikali ya Meiji ilipoamuru mwaka 1868 ibada za Kibuddha na za Kishinto zitenganishwe, na sanamu ya Jinnein ya Buddha Amida ikahamishiwa chini, katika ua wa Kannonji. Orodha ya mahekalu 88 haiitaji jinja hiyo, hivyo kwa anayetaka kuizuru, alama yake yapasa kuongezwa kwa mkono, na muda wa kupanda kilima uingizwe katika hesabu ya siku.