Juu ya vitabu vinavyogeuzwa filme, na hadithi ambazo watu hawataki ziishe

Dominika moja, nyuma ya Misa, tulionyesha filme ya Don Camillo katika sale ya parokia yetu. Watu walicheka mpaka machozi. Hata wazee wasiojua Kifaransa walimfahamu mara moja yule padri wa Italia mwenye ngumi nyepesi na moyo mwema. Sale ilipokwisha kutoka watu, mtoto mmoja wa katekesimo alitushika mkono, akauliza: « Padri, Msalaba wa kule unasema. Huu wetu ni bubu? » Tulikosa jibu. Na mlangoni watu wazima walitungojea na swali lao: « Kipande cha pili kitakuja lini? »

Maswali haya mawili ndiyo yaliyotusukuma kuandika. La kwanza linahusu kitabu kinachogeuzwa filme: ni kitu gani kinapotea njiani, na kitu gani kinaongezwa? La pili linahusu hadithi inayoendelezwa: ni halali wakati gani, na wakati gani ni biashara tu? Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya mchezo, hayawafai watu wa altare. Sisi hatuoni hivyo. Pius XI aliandika barua nzima juu ya sinema katika mwaka 1936, na Pius XII akarudi juu ya jambo hilo katika mwaka 1957, pamoja na radio na televizyo. Tena, kazi ya padri na ya katekista ni nini, kama si kupokea neno lisilo lake na kulifikisha kwa watu katika lugha yao bila kuliharibu?

1. Kitabu kinapogeuzwa filme

Tuanze na kitabu ambacho waseminari wengi wamekwisha kukisikia. Katika mwaka 1936 Mfaransa Georges Bernanos alitoa riwaya yake Journal d'un curé de campagne. Ni daftari ya padri kijana aliyetumwa katika parokia ya shamba, kaskazini mwa Ufaransa. Hana afya, hana mali, hana ujanja. Watu wanamdhani mlevi, kumbe kansa inamla tumbo. Anakufa katika nyumba ya mwenzake wa seminari aliyeacha kazi ya upadri, na huyo mwenzake ndiye anayempa ondoleo la dhambi, kwani padri aliyeitwa anakawia kufika.

Namna gani kuyaonyesha mambo kama haya kwa picha? Waandishi wawili wa sinema wenye jina kubwa, Jean Aurenche na Pierre Bost, walijaribu mbele ya wengine. Fundisho lao lilikuwa hili: jambo la kitabu lisiloweza kuonyeshwa, litafutiwe jingine la kulingana nalo. Walifikiri kwamba mazungumzo ya padri na binti Chantal mahali pa maungamo hayaonyesheki. Basi waliyaondoa, wakatunga jambo lao: binti anatema Hostia Takatifu na kuificha katika kitabu chake cha Misa. Na mwisho, pale ambapo Bernanos anamwacha padri wake afe akishukuru neema, wao walimaliza kwa neno la kusema kwamba aliyekufa amekufa, hakuna zaidi. Bernanos alikataa maandiko hayo. Katika mwaka 1954 kijana François Truffaut, ambaye wakati ule alikuwa mwandishi wa makala tu, alilifunua jambo hili mbele ya watu wote katika gazeti la Cahiers du cinéma.

Tuangalie vizuri kosa lao. Hawakusema kwamba wanamdharau mwandishi; walisema kwamba wanaishika roho ya kitabu na kuacha herufi. Ni neno tamu. Lakini mtu akitoa maungamo na kuweka kufuru, akitoa neema na kuweka kaburi, ameshika roho gani? Neno « roho » lilikuwa kifuniko cha chungu ambacho ndani yake mlipikwa chakula kingine kabisa.

Bernanos alikufa katika mwaka 1948. Filme tunayoijua leo ni ya Robert Bresson, ilitoka katika mwaka 1951. Bresson aliyaacha maungamo mahali pake. Aliyaonyesha namna gani? Kwa giza, na uso wa binti unaotoka gizani. Basi. Lililosemwa kuwa haliwezekani liliwezekana, kwa kuwa mtu aliliamini. Katika filme yote tunaona mkono wa padri ukiandika katika daftari, tunasikia sauti yake ikisoma, kisha tunaona jambo lenyewe. Wengine wanalalamika kwamba ni kusema kitu kimoja mara mbili. Sisi twaona kwamba ndivyo roho inavyofanya kazi yake: mtu anapatwa na jambo, halafu analichukua mbele ya Mungu na kulitazama tena. Mseminari anayefanya uchunguzi wa dhamiri kila jioni atalifahamu bila mwalimu. Mchezaji wa padri huyu, Claude Laydu, mzaliwa wa Bruxelles, hafanyi makelele ya uso. Yuko tu, kama mtu anayebeba kitu kizito na asiyetaka tuone uzito wake. Saa ya kufa haionyeshwi. Tunaona msalaba mtupu juu ya kitambaa, na sauti inatusomea barua ya yule mwenzake.

Bresson aliacha kurasa nyingi za kitabu, wala hatumlaumu. Kupunguza si kusaliti, kwani filme ya saa mbili haichukui kitabu kizima. Lakini alichokionyesha kilitoka kwa mwenye kitabu. Aurenche na Bost walimsaidia mwandishi kusema asiyotaka kusema. Bresson alikubali kusema machache kuliko yeye. Ndiyo tofauti yenyewe.

2. Hadithi inayoendelezwa

Sasa turudi kwa Don Camillo. Giovannino Guareschi, mtu wa bonde la mto Po, alitoa habari yake ya kwanza katika gazeti lake Candido, kwenye Desemba 1946, na kitabu cha kwanza katika mwaka 1948. Ni habari fupi fupi: padri, na Peppone mkubwa wa komini aliye mkomunisti, wanagombana mchana na kusaidiana usiku. Kila habari inajitosha, kama zile za Kabundi au za Sungura tulizosimuliwa karibu na moto. Hakuna aliyemwambia bibi kwamba habari ya jana ilimaliza kila kitu. Tulitaka Sungura arudi kwa sababu tulimpenda. Wazee wa Kasai watakumbuka kwamba filme za Padri Albert Van Haelst wa Scheut, katika miaka ya 1950, ziliwarudisha vilevile Matamata na Pilipili mara kwa mara, na watu walikwenda kuzitazama kwa furaha. Kumtamani tena mtu uliyempenda si dhambi.

Filme ya kwanza ya Don Camillo, iliyotengenezwa na Julien Duvivier katika mwaka 1952, Fernandel akiwa padri na Gino Cervi akiwa Peppone, ni kazi njema. Guareschi mwenyewe hakuridhika nayo, na tunamfahamu: katika vitabu vyake mna ukungu, mna mto mkubwa, mna hofu ya watu waliouana wakati wa vita na nyuma yake, katika filme, kicheko kimefunika sehemu kubwa ya giza hilo. Walakini mambo makubwa yamebaki. Tazama maziko ya mwalimu mzee wa kike, aliyeomba bendera ya mfalme juu ya sanduku lake wakati Italia haina mfalme tena. Peppone, adui wa wafalme, anamtimizia. Heshima kwa marehemu imeshinda chama.

Filme ya pili, ya mwaka 1953, ni ya Duvivier vilevile, nayo twaiona kuwa mwendelezo wa haki. Kwa nini? Kwa sababu ile ya kwanza iliacha deni. Askofu alimwondoa Don Camillo katika kijiji kwa sababu ya ngumi zake. Lazima tujue padri atafanya nini na adhabu hiyo. Filme inamwonyesha mlimani, katika baridi, peke yake, na Msalaba wa kule hausemi naye. Anarudi kuuchukua Msalaba wake mkubwa, anaupandisha mlimani mgongoni katika theluji, na hapo anaisikia tena sauti. Mwishoni mafuriko yanafunika kijiji, naye anabaki na watu wake. Mtu huyu amekua. Hatukupewa kicheko kilekile mara ya pili.

Halafu? Katika filme ya tatu, ya mwaka 1955, iliyotengenezwa na Carmine Gallone, Peppone anachaguliwa kuwa mbunge, na mwishoni anabaki kijijini. Ulikuwa mwisho mzuri. Lakini katika ile ya mwaka 1961 tunamkuta Roma, ni senata, na Don Camillo amekuwa Monsinyori. Mwisho ule mzuri umekuwa bure, na wote wawili wanarudishwa kijijini kugombana kama zamani, kwani watu wamelipa ili waone ugomvi. Hapo hadithi haiendi mbele tena, inazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti. Ile ya tano, ya mwaka 1965, inawapeleka Urusi. Inatoka katika kitabu cha Guareschi mwenyewe cha mwaka 1963, lakini kitabu kina uzito zaidi: ndani yake mtu wa chama anachukua mabua matatu ya ngano pale alipolala ndugu yake aliyekufa vitani. Ukurasa huo mmoja unashinda mabishano mengi.

Fernandel aliugua wakati filme ya sita inatengenezwa, akafa katika Februari 1971. Gino Cervi hakutaka kuendelea na padri mwingine. Biashara iliendelea bila wao: filme ilitoka katika mwaka 1972 na wachezaji wengine, na katika mwaka 1983 Terence Hill alitengeneza yake, mwenyewe akiwa padri. Twamsifu Cervi. Alijua kwamba hadithi ile ilikuwa ya urafiki, na rafiki hapewi badala.

3. Kipimo chetu

Je, tutapima kwa nini? Sisi wenyewe tuna mfano mkubwa. Mtakatifu Luka aliandika kitabu cha pili. Matendo ya Mitume yanaanza kwa kumkumbusha Theofilo kile cha kwanza, kisha yanaendelea. Luka hakurudia miujiza ya Galilaya kwa majina mengine. Bwana alikuwa ameahidi Roho, na ahadi ilitaka kusimuliwa namna ilivyotimia. Tena Petro aliyekana sasa anashuhudia. Kulikuwa na deni, na watu wamekua.

Kuna mfano wa upande mwingine pia: maandiko ya uwongo juu ya utoto wa Yesu, ambayo Eklezia haikuyapokea. Injili zinanyamaza karibu kabisa juu ya miaka ya Nazareti. Watu waliona kiu, wakatunga: mtoto Yesu anafanya ndege wa udongo nao wanaruka, mwenzake anamgonga, naye anakufa papo hapo. Hayo hayalipi deni lolote, yanashibisha tu udadisi. Na aliyetaka kumtukuza Yesu amemfanya mtoto wa kutisha.

Tusiwacheke. Sisi wenyewe tulianguka katika kosa hilo. Tulipokuwa padri mpya, tuliandika mchezo wa Mwana Mpotevu kwa ajili ya Kwaresima, nasi tukaongeza kipande cha pili: ndugu mkubwa anaingia, anamkumbatia mdogo wake, ngoma inapigwa. Watu walishangilia sana. Jioni katekista mzee alikuja nyumbani, akakaa, akasema kwa upole: « Padri, samahani. Bwana Yesu alimwacha yule mkubwa nje mlangoni, hakusema kama aliingia. Mimi nina miaka mingi sijaonana na ndugu yangu juu ya shamba. Kila mwaka nikisikia Injili hiyo, najua mlango unaningoja mimi. Leo mmeingia kwa niaba yangu. » Hatukulala mapema usiku ule.

Tangu siku hiyo tunajiuliza maswali mawili mbele ya kushika kalamu. Mwenye hadithi ameacha deni, au ameacha ukimya kwa makusudi? Na hili ninalolitia, limetoka kwake au limetoka kwangu? Tunawaomba ninyi waseminari mnaotunga michezo ya Noeli na ya Mateso, na ninyi makatekista mnaosimulia Injili vijijini, mjiulize vilevile. Punguzeni bila hofu. Semeni kwa lugha ya watu, kwa mihogo na mvua yao. Lakini mahali Bwana aliponyamaza, nyamazeni pamoja naye. Na mkionyesha filme, msizime taa na kwenda; kaeni na watu, muulizane.

Kwa mtoto yule tulijibu baadaye. Guareschi alieleza kwamba Kristu anayesema katika habari zake ni sauti ya dhamiri yake mwenyewe. Katika kitabu kila msomaji anaisikia peke yake. Filme iliitoa nje, ikawa sauti ya sale nzima. Tulimwambia mtoto kwamba Don Camillo naye alikuta Msalaba umenyamaza, na kwamba aliisikia sauti tena alipokuwa ameubeba. Alitutazama kidogo, kisha akauliza kama Msalaba wetu ni mzito.