Sakitu Juu ya Kioo

Mwaka 2016 watafiti waliochambua miaka 16 ya vipimo vya setilaiti walitoa orodha ya mahali panapomulikwa na radi kuliko kwingine duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela liliongoza. Kabare, Kivu ya Kusini, ikawa ya pili. Sake, mji wa Masisi ulio pembeni mwa Ziwa Kivu, ikashika nafasi ya tano: mimweko 143 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka.

Radi hizo zina chanzo kinachojulikana. Unyevu wa misitu ya Walikale unainuka na joto la mchana, unasukumwa kwenye milima ya Masisi, nao unapanda ukiwa mawingu ambayo vilele vyake hupita kilomita 15. Karibu maji yote hayo hurudi chini yakiwa mvua. Kinachovuka kwenda stratosfia, lile tabaka kavu linaloanzia kilomita 17 hivi juu ya tropiki, ni kidogo mno: kama molekuli nne za maji katika kila milioni za hewa.

Nne katika milioni! Na kuna watu waliotoa maisha yao ya kazi kuzihesabu.

Sababu ya uchache huo ilianza kuonekana Afrika Mashariki. Mwaka 1908 Wajerumani wawili, Arthur Berson na Hermann Elias wa kituo cha hali ya hewa cha Lindenberg, walirusha maputo yenye vipimajoto juu ya Ziwa Victoria. Wengi wangetarajia anga la ikweta liwe na joto kuliko la Ulaya hata huko juu kabisa. Vyombo vyao vilionyesha baridi iliyopita nyuzi 80 chini ya sifuri, kali kuliko ile ya juu ya Ujerumani.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mwingereza Alan Brewer, akishirikiana na Gordon Dobson wa Oxford, alitengeneza chombo cha kupima unyevu ndani ya ndege za kivita, kwa kuwa jeshi lilitaka kujua kwa nini ndege huacha mistari myeupe nyuma yake. Hewa ya juu ya Uingereza ilionekana kavu kupindukia, kana kwamba imewahi kupoa hadi nyuzi 80 na ushei chini ya sifuri, ilhali pale ilipopimwa haikuwa na baridi ya kiasi hicho. Mwaka 1949 Brewer alieleza kwamba hewa hiyo iliingia kupitia tropiki, ikakaushwa na baridi ya mpakani mwa stratosfia, kisha ikasambaa taratibu kuelekea ncha za dunia. Kwa hiyo apimaye mvuke juu ya Aktiki anapima kilichoruhusiwa kupita katika anga la tropiki. Njia kuu ya kuingilia iko juu ya Pasifiki ya magharibi, kwenye baridi kubwa zaidi. Hata hivyo bonde la Kongo ni mojawapo ya maeneo matatu ya tropiki yenye ngurumo nyingi mno, pamoja na Amazon na visiwa vya Indonesia.

Ufundi wa kuupima mvuke huo unastahili kusifiwa polepole. Puto hubeba kioo kidogo kinachopozwa kwa kimiminika cha baridi kali. Sakitu nyembamba hutanda juu yake, na mwali wa mwanga huiangalia bila kukoma. Sakitu ikipungua, kioo hupozwa. Ikizidi, hupashwa moto kidogo. Pale inapotulia, isiongezeke wala isipungue, joto la kioo ndilo jibu, maana linatoa kiasi cha mvuke moja kwa moja. Uzuri wake uko hapo: mpimaji anahitaji kuamini kipimajoto tu.

Lakini adui anasafiri pamoja naye. Puto limelowa kwa mawingu liliyopita, mirija ya chombo imeshika barafu, na huko juu maji hayo huvukiza na kuichafua hewa kavu. Ndiyo maana chombo huning'inizwa kwa kamba ndefu, mbali na puto. Ndiyo maana pia mafundi wa Boulder, Marekani, ambao kumbukumbu yao imeendelea tangu 1980, hutegemea zaidi vipimo vya wakati wa kushuka, chombo kinapotangulia puto na kukutana na hewa ambayo haijaguswa. Uangalifu huu unafaa kuheshimiwa kama ule wa mpasuaji.

Unaleta faida gani? Juu ya Antaktika, mawingu ya barafu na asidi hutokea stratosfia inapopoa vya kutosha, nayo ndiyo huiamsha klorini inayoharibu ozoni. Mvuke ukiongezeka kidogo, mawingu hayo hutokea mapema zaidi. Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga ilirusha huko juu takriban tani milioni 146 za maji, karibu asilimia 10 ya yote yaliyokuwamo. Wanasayansi waliweza kusema hivyo kwa sababu wenzao walikuwa wamepima miaka mingi ambayo hakuna tukio lililotokea.

Jijini Nairobi, Dagoretti, wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya na wa Uswisi wamekuwa wakirusha maputo ya kupima ozoni kila wiki tangu 1996. Lakini vipima unyevu vya kawaida huchoka katika baridi ya huko juu. Kioo cha sakitu hakichoki. Masisi iko kilomita kama 900 magharibi ya hapo, chini ya mojawapo ya mawingu makubwa kuliko yote duniani, na bonde zima la Kongo lina vituo vichache mno vya kurusha maputo. Siku amani itakapodumu katika barabara ya kutoka Sake hadi Walikale, kioo hicho kina kazi ya kufanya huko, na vijana wanaosoma fizikia mjini Goma wanaweza kuwa mafundi wake.