Kijana Aliyekataa Upanga

Yamkini, msomaji, umekwisha kuisoma Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1951. Ikiwa umeisoma, wajua kuwa nchi ile haina mahali katika ardhi hii tunayoikanyaga. I angani, na wajumbe wake husafiri kwenda pande sita za ulimwengu wakarudi na habari ambazo wakubwa hawataki kuzisikia. Wala hukumshtaki mwandishi kuwa mwongo. Ulifahamu upesi kwamba nchi ya angani imebuniwa ili yanenwe mambo ya nchi ya chini.

Naanza na kitabu hicho kwa kuwa nataka kukuongoza kwenye kingine, kilichotungwa mbali na kwetu. Jina lake ni In Other Lands, yaani Katika Nchi Nyingine. Mtungaji wake ni Sarah Rees Brennan, mwanamke wa Ireland, nacho kilipigwa chapa Marekani mwaka 2017. Ni riwaya ya vijana. Ndani yake mna nguva, majitu, farasi wenye pembe moja, na vita visivyokwisha. Mna pia wavulana wawili ambao mwisho wa safari yao hupendana. Riwaya za namna hii zimekuwa nyingi katika Ulaya na Marekani, na nyingine huzifikia hata rafu za maduka yetu ya vitabu.

Hapana haja ya kukuficha kwamba jambo hili lina mabishano makali kwetu. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki, iliyotengenezwa na Mkenya Wanuri Kahiu juu ya wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku nchini. Kisha Mahakama Kuu ikairuhusu ionyeshwe kwa siku saba, na watu wakapanga foleni kuitazama. Mwezi wa Mei mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo ilikataa kuvifuta vifungu vya sheria vinavyohusu mapenzi ya watu wa jinsia moja. Sikuandikii ili nikukatie shauri hilo. Wazazi wako, dini yako na akili yako zina neno katika jambo hilo. Mimi ni mhakiki, na kazi ya mhakiki ni kukisoma kitabu kilichoandikwa, si kile anachokidhania kabla ya kukifungua.

Lakini ili ukipime kitabu hiki, inafaa kwanza ukijue kilichotangulia. Mwaka 1989 Mmarekani Mercedes Lackey alitoa Magic's Pawn, cha kwanza katika vitabu vitatu juu ya kijana Vanyel; viwili vilivyobaki vilifuata mwaka 1990. Vanyel ni mwana wa bwana mkubwa. Apenda muziki kuliko upanga, na mwalimu wa silaha wa baba yake humvunja mkono katika mazoezi. Baba, kwa kumwona mwanawe hafai, humpeleka kwa shangazi yake katika mji mkuu. Huko kijana hukutana na Tylendel, mwanafunzi wa shangazi huyo, nao hupendana. Walakini ukoo wa Tylendel una kisasi cha damu na ukoo mwingine. Pacha wake anapouawa, Tylendel huwafungulia adui zake hayawani wa kutisha, na kwa tendo hilo hujiangamiza mwenyewe. Vanyel hubaki na nguvu za uganga asizozitaka, na farasi mweupe anayesema naye ndani ya moyo. Katika kitabu cha tatu hufa akilizuia jeshi la adui katika njia ya milimani.

Kwa mwaka wake hicho kilikuwa kitabu cha ujasiri, na yapasa tumpe Lackey haki yake. Kijana wa namna hiyo, ambaye katika hadithi nyingi za zamani aliwekwa ili achekwe au achukiwe, yeye alimfanya shujaa wa nchi nzima. Hata hivyo, itazame bei. Mpenzi amekufa, familia imemwonea haya, mwili umeumizwa, na mwisho wake ni mauti. Ni kana kwamba mwandishi aliona hana budi kulipa ushuru mlangoni ili mhusika wake aruhusiwe kuingia katika hadithi. Msomaji hulia, nami nililia. Lakini machozi yangu yalipokauka nilijiuliza kama nilikuwa nimempenda Vanyel, au nilikuwa nimemhurumia tu, na mambo hayo mawili ni mbali mbali.

Basi sasa twende kwa Elliot. Ana umri wa miaka 13, mwanafunzi wa Uingereza, mfupi, mwenye nywele nyekundu na ulimi mkali kuliko wembe. Mama yake aliondoka zamani. Baba yake yupo nyumbani kama kiti kilivyopo nyumbani. Siku moja huchukuliwa shambani pamoja na wenzake wachache wa darasa, akaulizwa kama anauona ukuta. Auona. Hupanda, huvuka, na upande wa pili hukuta Nchi za Mpakani, ambapo vyombo vya umeme havifanyi kazi na watoto hufundishwa katika kambi ya askari.

Hapa mwandishi hutenda jambo la werevu. Kambini kuna njia mbili za masomo: mafunzo ya vita na mafunzo ya baraza. Njia ya vita ndiyo ya sifa; njia ya baraza hudharauliwa, kwa kuwa wanafunzi wake hushika karatasi. Katika riwaya mia za namna hii mvulana mgeni angepewa upanga, ukamkaa mkononi mara moja kana kwamba alizaliwa nao. Elliot aukataa. Huuliza, siku ya kwanza, ni watu wa namna gani wanaowapa watoto silaha, na hapana anayemjibu kwa kuwa hapana aliyewahi kuuliza. Huenda barazani, akajifunza lugha za viumbe wengine, akasoma mikataba ya zamani ambayo wakubwa wake huapa kuilinda bila kuifungua. Jeshi linapotoka kwenda vitani, yeye hutaka kujua hati inasema nini.

Ukimkumbuka Karama wa Kusadikika hutaona ugeni katika hili. Karama naye hakuwa na silaha. Alisimama mbele ya mfalme, akashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuwafundisha watu sheria, akajitetea kwa maneno siku sita. Tofauti yao ni kwamba Karama husema kwa adabu hata anapoonewa, na Elliot hana adabu hata kidogo. Huwatukana makamanda. Huwachosha rafiki zake. Nusu ya uchungu anaoupata hujitafutia mwenyewe, na nusu hiyo ndiyo iliyonifanya niamini kuwa ni mtu.

Rafiki zake ni wawili. Wa kwanza ni Serene, binti wa Waelfi, watu warefu wa misitu wanaotajwa sana katika hekaya za Ulaya. Miongoni mwa Waelfi wa kitabu hiki wanawake ndio askari, na wanaume ndio wa kulindwa. Husemwa kuwa mioyo yao ni laini, kwamba wasitembee peke yao, kwamba sifa ya mwanamume huvunjika upesi. Serene hamaanishi ubaya anapomfariji Elliot kwa maneno hayo. Wewe msichana unayesoma kurasa hizi, nakuomba uyasikilize maneno yake vizuri. Utacheka kwanza. Kisha utakumbuka ulikoyasikia, na ni nani aliyekuambia, na kwamba naye hakumaanisha ubaya. Mwandishi ameirudia dhihaka hii mara nyingi mno, hata kufika katikati ya kitabu imeanza kuchujuka kama chai iliyotiwa maji mara tatu. Lakini kikombe cha kwanza kina nguvu kwelikweli.

Rafiki wa pili ni Luke, wa ukoo mashuhuri wa mashujaa, mzuri wa sura, hodari wa silaha. Elliot humchukia mara moja kwa kuwa amefanana na mashujaa wa vitabu vyote. Moyo wa Elliot humwendea Serene kwanza, na kwa muda huwa wapenzi. Serene ndiye anayekata uhusiano huo. Baadaye Elliot hujifahamu kuwa moyo wake huelekea wavulana vile vile. Jambo hilo halimfanyi mwandishi alete radi wala kaburi. Kinachomzuia Elliot asiuone upendo wa Luke, ambao msomaji ameuona kurasa mia zilizopita, si kwamba Luke ni mvulana. Ni kwamba nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumchagua, na mtoto aliyezoea kutochaguliwa hawezi kuamini macho yake anapochaguliwa. Hapo ndipo kitabu hiki kinapokipita kile cha mwaka 1989, kwa maoni yangu. Hakimwombei kijana wake huruma. Humwonyesha kosa lake, kisha humpa nafasi ya kulitengeneza.

Na viumbe wa ajabu? Katika vitabu vingi vya namna hii wao ni pambo, kama ushanga shingoni. Hapa wana kazi. Luke hugundua kwamba damu yake ina asili ya harpi, viumbe nusu watu nusu ndege ambao kambi hufundishwa kuwapiga mishale. Mabawa humwota mgongoni. Shujaa aliyesifiwa na wote sasa ana mwili wa adui, na sharti aamue kama atawaonea haya jamaa zake wa upande wa pili. Elliot kwa upande wake huwatazama viumbe hao hao kama watu wa kuzungumza nao. Hakuna sura katika kitabu iliyonifurahisha kuliko zile anapong'ang'ana na lugha za wengine, akikosea, akirudia, wakati wenzake wakinoa visu.

Kitabu hiki kiliwekwa mwaka 2018 katika orodha ya mwisho ya tuzo ya vitabu vya vijana iliyoshirikishwa na tuzo za Hugo. Kilishindwa na Akata Warrior ya Nnedi Okorafor, hadithi ya wasichana na wavulana wa Nigeria, na sisemi kuwa waamuzi walikosea.

Nina lalamiko moja kubwa, nalo si la mapenzi bali ni la vita. Kwa msomaji wa London askari wa miaka 13 ni kitu cha kubuni. Kwetu sivyo. Kaskazini mwa Uganda, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, jeshi la Joseph Kony liliteka watoto maelfu na kuwatia bunduki mikononi. Dominic Ongwen, aliyehukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2021, alikuwa mmoja wa makamanda wake. Naye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto njiani kwenda shule. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki ya kuwakinga watoto wasitiwe vitani. Mtu aliyejua habari hizi hawezi kusoma juu ya kambi ya Mpakani bila kusimama kidogo.

Mwandishi alilijua jambo hilo. Ndiyo maana alimpa Elliot swali lile siku ya kwanza. Lakini swali lililoulizwa kwa sauti kubwa mlangoni huulizwa kwa sauti ndogo zaidi kila mwaka wa masomo unapopita. Elliot hukua. Huwapenda wenyeji. Huzuia mapigano haya, hurekebisha mkataba ule, na mwishowe huchagua kubaki upande ule wa ukuta, kwa kuwa huko ndiko anakopendwa. Nilifurahi kwa ajili yake. Walakini kambi haifungwi, na mwaka mwingine watoto wengine watasimama shambani, waulizwe kama wanauona ukuta.